Taa ya UV kutoka Luthuli: nilivyoitumia kutazama nondo nyuma ya nyumba, Uthiru

Taa hii inafaa kununuliwa. Nasema hivyo mapema kwa sababu najua kuna mtu atakayesoma maneno haya akiwa tayari amesimama dukani, na mwenye duka anamngoja. Nunua, mradi iwe ya nanomita 365 (hicho ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), mradi uweke kando kitambaa kinachokuja nayo utafute marekani, ile pamba isiyopaushwa, na mradi uwe mtu wa kuizima kabla ya kwenda kulala. Mengine nitayaeleza kwa kirefu, maana nondo wa Nairobi wanastahili kuelezwa kwa kirefu.

Mimi ni fundi wa nguo. Nyumba yetu iko Uthiru, upande ambao watu bado wana vipande vya shamba kati ya nyumba na nyumba. Nyuma nina sukuma wiki, viazi vitamu, nduma pale maji ya bomba yanapomwagika, mipapai, mparachichi wa zamani, na uzio wa kayaba ambao hakuna mbuzi aliyewahi kuupita. Macho yangu yamezoea uzi na rangi, na nadhani ndiyo sababu nondo walinishika. Kipepeo huwaka rangi zake ukiwa mbali. Nondo hukudai usogee, na ukisogea unakuta mistari ya kijivu juu ya kijivu, waridi iliyofichwa chini ya bawa, vumbi la dhahabu begani. Duniani kuna takriban aina 160,000 za nondo zilizopewa majina, vipepeo hata 20,000 hawafiki, na bado mtoto wa shule akiambiwa achore mdudu mwenye mabawa mazuri atachora kipepeo.

Duka lenyewe ni mojawapo ya yale membamba ya Luthuli Avenue, yenye nyaya, spika na taa kutoka sakafuni hadi darini. Nilipomwambia kijana wa kaunta kwamba nataka taa ya kuita wadudu, alinitolea kwanza ile yenye waya za stima ndani, inayowachoma.

“Mathe, hii inamaliza mbu wote.”

“Kijana wangu, sitaki kuua. Nataka waje, niwaone, waende zao.”

Alinitazama kidogo, kisha akapanda ngazi akashusha boksi lililokuwa na vumbi. Nashukuru kwamba alikuwa na subira, kwa sababu niliuliza maswali mengi na foleni ilikuwa nyuma yangu.

Kuhusu zile taa za kuchoma mbu nitasema jambo moja, kwa kuwa zinauzwa kila kona na wanaozinunua ni watu wanaopenda bustani zao. Mwaka 1996 watafiti wa Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, walichapisha hesabu ya wadudu waliouawa na taa za aina hiyo katika nyua za makazi. Kati ya wadudu 13,789, wenye kuuma walikuwa 31 tu. Karibu nusu walikuwa wadudu wa majini wasio na madhara kwa mtu, na wengine walikuwa wale wanaotusaidia kwa kula au kudhoofisha waharibifu wa mimea. Mbu jike hukufuata kwa pumzi yako na harufu ya ngozi yako. Ile taa inaua rafiki zako mlangoni huku yeye akiwa chumbani.

Taa niliyonunua haina jina la kampuni, boksi limeandikwa tu UV na 365. Ina umbo la mche wa duara, urefu wa shubiri moja, plastiki nyeusi, safu za vitaa vidogo vya LED pande zote, ndoana juu na tundu la kuchajia la aina ya C chini. Alianza na shilingi 4,500, tukapatana 3,800. Ndani ya boksi mna miwani ya manjano, kamba, na kitambaa cheupe chenye fremu ya kukunja.

Kuipima hapo hapo dukani ni rahisi. Mwombe mwuzaji mwende mahali penye giza, hata chini ya kaunta, aiwashe kando ya ile tochi ndogo ya kukagua noti bandia. Tochi ya noti kwa kawaida ni ya nanomita 395, na zambarau yake unaiona waziwazi. Ya 365 ya kweli huonekana hafifu, yenye weupe wa samawati, kama imekosa nguvu, kwa sababu sehemu kubwa ya mwanga wake jicho la mtu haliwezi kuuona. Ikiwaka zambarau kali wakati boksi linasema 365, rudisha. Macho ya nondo yana vipokezi vinavyohisi urujuanimno, yaani UV, na uwezo wao ni mkubwa zaidi karibu na nanomita 360. Hapo ndipo pesa zako zinapoenda.

Nilinunua na tochi ya noti pia, shilingi 350, nipate kulinganisha. Usiku mmoja wa mawingu, hewa imetulia, niliziwasha pande mbili za nyumba. Najua tochi ni ndogo na nguvu zao si sawa, lakini tofauti ilizidi hapo. Kwenye tochi walikuja vijidudu vya kuhesabika. Kwenye ile kubwa kitambaa kilianza kujaa kabla sijamaliza chai.

Wanaofanya kazi hii kwa elimu walitumia kwa miaka mingi balbu za mvuke wa zebaki, za wati 125, zinazohitaji stima ya ukuta na zinazochemka kiasi cha kupasuka tone la mvua likizigusa. Mwaka 2017 mtafiti Gunnar Brehm wa Chuo Kikuu cha Jena, Ujerumani, alieleza taa ya LED aliyoibuni kwa ajili ya nondo, iitwayo LepiLED, na leo inatumika sehemu nyingi za dunia. Bei yake ni mamia ya yuro. Yangu haifikii hiyo hata kidogo kwa nguvu wala kwa uimara, ila inafanya kazi kwa msingi ule ule, na kwa mtu anayetazama nyuma ya nyumba yake inatosha.

Kuna jambo lililobadilisha namna ninavyoitumia. Kwa miaka mingi tumeambiwa nondo huidhania taa kuwa mwezi. Januari 2024 watafiti wa Imperial College London na wenzao walichapisha katika jarida la Nature Communications yale ambayo kamera zao za kasi zilionyesha, baadhi ya kazi ikifanyika Costa Rica. Mdudu anaporuka usiku huelekeza mgongo wake upande wenye mwanga zaidi. Kwa mamilioni ya miaka upande huo umekuwa anga, kwa hiyo akifanya hivyo anajua juu ni wapi na chini ni wapi. Taa ikiwaka kando yake, mgongo unageukia taa, safari inapinda, naye anazunguka asiweze kujitoa. Akipita juu ya taa hugeuka chali na kuanguka. Nimesimama pale nikaona hayo yote kwa macho yangu: nondo mkubwa anapita juu, anapinduka, anaanguka kwenye majani ya nduma, anajaribu tena. Tangu niyajue hayo siwezi kuiacha taa ikiwaka usiku kucha. Mnyama aliyenaswa na mwili wake mwenyewe anachoka, halali, hali, hazai.

Sasa kitambaa, na hapa naongea kazi yangu. Kile kilichokuja na taa ni poliesta. Kinateleza. Nondo mwepesi anaweza kukaa, lakini mzito anajaribu kushika, anashuka, anapigapiga mabawa mpaka yanamwaga vumbi lake. Tena kimetiwa dawa ya kung'arisha, ile ile iliyo kwenye sabuni nyingi za unga. Dawa hiyo hunyonya urujuanimno na kuutoa kama mwanga wa samawati. Kwenye shati la ofisini inapendeza. Mbele ya taa ya UV kitambaa kizima kinawaka, macho yanachoka, na kila picha ya simu inatoka samawati, hata ya nondo wa manjano.

Marekani ndiyo jibu. Pamba isiyopaushwa, rangi ya maziwa, uzi mkavu wenye vinyweleo ambavyo miguu ya mdudu inavishika vizuri. Utaipata Biashara Street au Eastleigh, na mita mbili zinatosha. Ifue kwanza kwa maji ya moto na sabuni ya kipande, si ya unga, ili wanga wa kiwandani utoke na ule ung'arishaji usiingie. Juu pinda upindo wa inchi mbili upitishe kamba. Chini pinda mwingine uutie kokoto ndogo, upepo usikinyanyue. Acha kama futi moja ilale ardhini mbele ya taa, kwa sababu wadudu wengi hawapandi, hukaa chini: mbawakawa, nyenje, na wale nondo wanene wanaotambaa kwanza wakipumzika. Mshono wa mara mbili pembeni, maana kitambaa hiki kitakuwa na umande kila usiku.

Na tafadhali, usitundike neti ya mbu. Nyingi tulizo nazo nyumbani zimetiwa dawa ya muda mrefu ya kuua wadudu, na dawa hiyo haichagui. Nondo akiikanyaga usiku ataondoka akiwa amebeba kifo miguuni.

Waliokuja ndio sababu ya kuandika haya yote. Wa kwanza mkubwa alikuwa Agrius convolvuli, kwa jina lake la kisayansi, kijivu kitupu akiwa amekunja mabawa, lakini akiyafungua tumbo lina mikanda ya waridi na nyeusi iliyopangwa kwa usahihi ambao siwezi kuufikia kwa mashine. Ulimi wake ni mrefu kuliko mwili, anauviringa chini ya kichwa. Kiwavi wake ninyi nyote mnamjua, yule mnene mwenye pembe mkiani anayekula majani ya viazi vitamu. Nimewahi kumwona mara nyingi mchana bila kujua kwamba usiku ndiye huyu. Ndugu yake mdogo, Hippotion celerio, ana mstari wa fedha uliopita bawa zima, na kiwavi wake hula nduma. Kwa hiyo bustani yangu inalisha familia ambayo sikuialika, na sasa ninajua majina yao nimeacha kuwatoa wote. Ninawaachia mistari ya mwisho ya viazi.

Tena tuna deni kwao. Utafiti uliofanywa hapa Kenya ulionyesha kwamba mipapai inategemea sana nondo wa jamii hii kuchavushwa. Ua la mpapai ni jeupe, linanukia jioni, na nyuki si mgeni wake mkuu. Mtu anayepuliza dawa kila kitu kinachoruka usiku kisha analalamika kwamba mpapai wake hauzai, jibu lake liko hapo.

Cyligramma latona huja baada ya mvua, mkubwa, kahawia, mwenye mstari mpauko na alama za macho mabawani. Huyu mnamfahamu hata bila taa, ni yule anayeingia sebuleni na kukaa ukutani karibu na dari, na mtu anamkimbiza na ufagio. Viwavi wake hula migunga. Utetheisa pulchella ni mdogo, mweupe, mwenye madoa mekundu na meusi, na huruka hata mchana. Viwavi wake hula mimea ya jamii ya mitoo, wakachukua sumu iliyomo ndani na kuibeba hadi utu uzima, kwa hiyo ndege hawamtaki. Ukipanda mitoo kwa ajili ya mboga acha vichaka vichache vitoe maua, utamwona.

Jaribu pia hili: nondo wakiwa wanazunguka, tikisa fungu la funguo. Mlio wa vyuma una sauti za juu ambazo masikio yetu hayazipati, na nondo wengi wana masikio ya kumsikia popo. Wengine huanguka ghafla kama mawe, wengine hupinda na kupotea gizani. Mwanangu wa mwisho alilifanya mara moja tu, kisha akakataa kurudia kwa kuwaonea huruma, nami nikafurahi kwamba amekataa.

Hawaji nondo peke yao. Vunjajungu hupanda kitambaa polepole na kuanza kula. Mjusi kafiri hutoka kwenye paa. Kumbikumbi hujaa usiku wa kwanza baada ya mvua hadi kitambaa hakionekani, na usiku huo ni bora kuzima tu, kwani hutaona kitu kingine. Kinyonga wa pembe tatu anaishi kwenye kayaba, taa haimhusu, amelala, ngozi yake imepauka, na kwa mwanga wa tochi ya kawaida unampata kwa urahisi kuliko mchana.

Lakini yupo mmoja ambaye ni lazima nimtaje kwa uzito, na boksi halisemi neno juu yake: Nairobi flai. Ni mbawakawa mwembamba, mwekundu na mweusi, si mrefu sana kuliko punje ya mchele ndefu, na hupenda taa hasa miezi ya mvua. Haumi wala hachomi. Sumu yake, pederini, imo katika damu ya mwili wake, na inakupata ukimponda. Ngozi huanza kuwaka saa nyingi baadaye, hata siku ya pili, ikatoa malengelenge. Akikutua, mpulize aondoke, usimpige. Ukihisi umemponda, osha mahali hapo kwa sabuni na maji mengi mara moja, na usijiguse macho. Mimi huvaa mikono mirefu, kitambaa kichwani, na kola iliyofungwa. Watoto huwa hawakai karibu na taa miezi ya mvua nyingi bila nguo za namna hiyo, na hilo sibishani nao.

Mama jirani alikuja kuuliza mapema. Si kwa ubaya, ana mahindi upande wa pili wa uzio.

“Mama, hiyo taa yako haitaniletea viwavi?”

Swali lake lilikuwa la haki. Nilimwambia ukweli: taa ndogo kama hii huvuta walio ndani ya makumi ya mita, haimtoi nondo Kikuyu ikamleta Uthiru. Walio kwenye kitambaa tayari walikuwa shambani. Kisha tukaangalia pamoja. Kulikuwa na nondo wa kiwavijeshi vamizi, Spodoptera frugiperda, ambaye Afrika iligundulika ameingia mwaka 2016 na Kenya mwaka uliofuata. Dume ana doa jeupe karibu na ncha ya bawa la mbele. Jike hutaga mayai kwa mafungu, mia na zaidi, nayo huanguliwa kwa siku chache. Asubuhi mama jirani alipita mstari kwa mstari, akayapata mafungu chini ya majani akayaponda kwa vidole kabla hayajaanguliwa. Tangu hapo yeye ndiye hunipigia simu: “Leo umewasha? Umewaona?” Vivyo hivyo na yule mdogo wa sukuma wiki, Plutella xylostella, mwenye almasi ndogo mgongoni akikunja mabawa. Akizidi kwenye kitambaa, najua wiki hiyo ni ya kugeuza majani na kutafuta.

Tuje kwenye kasoro za taa. Kifuniko cha mpira cha tundu la kuchajia hakikazi, na umande wa Uthiru huingia. Nimekikata kipande cha mpira wa baiskeli nikakifunga hapo. Swichi inapita kwanza kwenye mwanga mweupe, kisha kumetameta, ndipo UV, kwa hiyo kila ukiiwasha unawatishia waliokwisha kukaa. Taa ya kuonyesha chaji hubadilika kuwa kijani mapema mno, na ukiiamini utaishiwa katikati ya usiku. Iache kwenye chaja saa mbili zaidi. Ikijaa kweli inakaa kama saa nne, na baada ya saa ya tatu nguvu inashuka. Unaweza kuichomekea pawabanki, na hiyo ni faida kubwa pale stima inapopotea mtaa mzima: giza likiwa kamili ndipo kitambaa kinapojaa zaidi.

Miwani iliyomo ndani ni nyepesi na mkono wake hulegea, lakini uvae miwani, kama si hiyo basi nyingine iliyothibitishwa kuzuia UV. Mwanga huu kwa kuwa hauonekani vizuri, jicho halijikingi. Usiitazame taa yenyewe, tazama kitambaa. Itundike chini, kimo cha kiuno, mbele ya kitambaa, upande wa nyuma uzibwe na ukuta, ili isirushe mwanga angani wala kwenye dirisha la mtu.

Majira yana uzito kuliko bei ya taa. Usiku bora ni wa joto, mawingu, bila upepo, bila mwezi mkubwa, wiki chache baada ya mvua kuanza: Aprili na Mei, kisha Novemba na Desemba. Wiki ya kimataifa ya nondo, iliyoanzia New Jersey mwaka 2012, huangukia mwisho wa Julai. Hiyo kwetu ni baridi na manyunyu, na atakayenunua taa Julai akaona kitambaa kitupu asiirudishe dukani, angoje.

Majina nayatafuta kwa programu ya iNaturalist, iliyoanzishwa mwaka 2008 na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Unaweka picha, inapendekeza jamii, kisha watu wenye ujuzi wanakuthibitishia au kukusahihisha. Nimesaidiwa na watu ambao hawajawahi kukanyaga Kenya na wanawajua nondo wetu bawa kwa bawa. Picha ipigwe kutoka juu, mabawa yote yaonekane, na nyingine ya ubavuni. Lenzi ya kubana kwenye simu, shilingi 600 kwenye vibanda vya mjini, inasaidia sana kwa wale wadogo. Kwa kuwa unapiga nyumbani kwako, chagua kuficha mahali halisi, programu inaruhusu. Na uwe tayari kwamba baadhi hawatapata jina, kwa sababu aina nyingine hutofautishwa kwa viungo vya ndani tu, chini ya hadubini. Hapa mjini kazi hiyo ina wenyewe: makumbusho ya taifa yana mkusanyiko wa wadudu, na kule Kasarani iko icipe, kituo alichokianzisha Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970 kwa ajili ya wadudu. Natamani kila shule ya Nairobi iwapeleke watoto huko.

Mimi huwasha saa moja usiku na kuzima kabla ya saa nne, au saa tano ikiwa kuna jambo kubwa. Nikizima sikung'uti kitambaa. Nakikunja taratibu, nakipeleka kwenye kichaka kizito, nakitandaza pale ndani waondoke wenyewe. Wakiachwa wazi hadi alfajiri, shorwe wanajifunza upesi sana, na kwarara hupita kwenye nyasi wakiokota wanene. Nondo anaweza kukaa palepale ulipomwacha mchana kutwa, kwa hiyo mahali unapomwacha ndipo penye uhai wake.

Kwa mnaokaa gorofa, msiikatae taa hii kwa kukosa shamba. Mteja wangu mmoja anaishi ghorofa ya nne, Zimmerman, na nilimwazima pamoja na kipande cha marekani cha mita moja. Aliongea kwanza na keateka na jirani wa balkoni ya pili, akaiwasha kwa muda wa saa mbili tu, mwanga ukielekea ukutani. Alipata Agrius mmoja, vinondo vya kijani ambavyo mpaka sasa tunavitafutia jina, na vunjajungu mmoja mchanga. Ameniomba nimshonee kitambaa chake mwenyewe, chenye upindo wa kokoto, na kinamngoja kibandani.